Bomba Lililokatazwa Kulia

Juzi fundi alikuja kunitengenezea sinki la jikoni, hapa Muyinga. Tangu tumalize arobaini ya Mama limekuwa likikoroma kila ukimwaga maji, mpaka mgeni anageuka kutazama nani amelala. Fundi akawasha mkaa kidogo uani, akashika msumari kwa koleo, akaupasha moto hadi ukawa mwekundu, kisha akauchoma kwenye bomba la plastiki. Ule moshi, jamani! Wenzangu wa rika langu, mliokulia kwenye nyumba ambazo kila kitu kilitobolewa kwa msumari wa moto, mnaijua harufu hiyo. Inakaa kooni na haitaki kutoka. Nikajikuta nimekaa chini, kwenye kizingiti cha jikoni.

"Mama, moshi iko inakuumiza?" fundi akaniuliza.

Nikamwambia endelea na kazi yako, baba.

Niseme tu ukweli, Mama nilikuwa sijamlilia. Majirani walilia, ndugu waliotoka Butihinda walilia, mimi nikawa napima mchele na kuazima mikeka. Watu wakanong'ona kwamba nina moyo mgumu. Waache waseme. Lakini harufu ile ya plastiki ilinitoa Muyinga ikanipeleka Gitega, kwenye salo yetu, yaani sebuleni, mbele ya sanduku la vioo, nami ni mtoto ambaye haelewi kitu hata kimoja kati ya vyote vinavyotokea mbele ya macho yake.

Tulikaa mtaa wa Waislamu, nyumba ya matofali ya udongo, salo moja na vyumba viwili vyenye mapazia badala ya milango. Baba alikuwa fundi cherehani. Futi yake ya manjano haikutoka shingoni, hata akiwa anakula, na Mama alikuwa akimtania: "We, iko siku utapima na ugali." Ile futi iliwahi kukatika, Baba akaiunga kwa uzi mwekundu, akasema sasa nguo zake zote zitakuwa na bahati. Vita ilikuwa huko milimani. Wakubwa hawakuita vita, waliita "hali". Hali ni mbaya, hali imetulia kidogo, utadhani wanaongea juu ya mgonjwa wa chumba cha pili. Hali ilipozidi, watu wa Gitega wakaacha kushona nguo, hata za Idi. Baba akafunga mabunda ya vitenge, akapanda lori na wachuuzi wengine, akaenda kuuza Muyinga. Alisema atarudi kabla maharage ya uani hayajaiva. Maharage yakaiva, tukayala, yakaisha, Baba bado.

Hapo ndipo Bibi alipotoa amri yake. Bibi ni mama yake Baba, alikulia Ujiji, Kiswahili chake kimenyooka na maneno yake hayarudiwi mara mbili. Alituita wote, akakaa kwenye mkeka, akasema: "Katika nyumba hii asilie mtu. Mwanangu ni msafiri, na msafiri haliliwi. Ukimlilia aliye njiani, unamchimbia kaburi kwa machozi yako. Mmenisikia?"

Tukaitika. Jambo lenyewe halikuwa geni, mtaani kwetu kila mtu alilijua. Mwanamke ambaye mume wake yuko safarini, macho yakimjaa, alisema ni moshi wa kuni mbichi. Mimi nililichukua jinsi lilivyo. Moto unaunguza, mvua inalowesha, na machozi yanamuua msafiri. Nikawa najizuia kulia hata nikijikwaa.

Mama naye akabadilika. Hakutaka kelele hata kidogo. Kifuniko cha sufuria kikianguka, anaruka. Nikicheka na wenzangu uani, ananikaripia. Na kila mchana, tukishamaliza kuswali adhuhuri na kula, alisema kichwa kinamuuma, akaingia chumbani, akavuta pazia. Akitoka, uso ameunawa tayari.

Basi katika hali hiyo akatua Mjomba Saidi, mdogo wake Mama, kutoka Bujumbura. Alishuka kwenye gari amebeba mifuko ya plastiki iliyojaa maji, na nyuma yake watu wawili wamebeba sanduku kubwa la vioo lililofungwa kwa blanketi. Kule Buja alikuwa akifanya kazi ya kuvua samaki wadogo wadogo wa Ziwa Tanganyika, samaki wa mapambo, wanaopelekwa ng'ambo wakiwa hai. Mwenye kazi alifunga akaenda kwao kwa sababu ya hiyo hiyo hali. Mjomba akabaki na samaki asioweza kuwauza wala kuwatupa.

"Samaki wa kutazama?" Bibi akauliza. "Samaki hatazamwi, Saidi. Samaki analiwa."

"Bibi, hawa hata supu hawatoshi."

"Basi kazi yao nini?"

Mjomba akacheka. Bibi akamwambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe letu lenyewe halina mpini, kwa hiyo akae akijua. Lakini alimpokea. Mjomba akapewa kona ya salo, sanduku likawekwa juu ya meza ya kukatia vitambaa ya Baba, na mimi nikapoteza akili yangu yote kwa wale samaki. Walikuwepo wa mistari, walikuwepo wa manjano kama ndimu iliyoiva. Niliowapenda zaidi ni wawili wadogo wa kijivu waliokaa ndani ya maganda ya konokono. Kila mmoja na ganda lake, nyumba na mlango. Ukikohoa tu, wameshaingia, unaona macho peke yake.

Sasa samaki wa ziwa wanataka maji yanayotembea. Buja kulikuwa na mashine, kwetu umeme ulikuja ukipenda. Mjomba akaweka pipa juu ya matofali nje ya dirisha, akavuta kimpira chembamba hadi juu ya sanduku, maji yakawa yanadondoka kutoka juu, tone kwa tone, yakileta hewa. Ikabaki shida moja tu: maji yanayoingia lazima yatoke, la sivyo salo ya Bibi itakuwa ziwa lenyewe. Kioo hakitoboleki kwa msumari. Inabidi maji yapande ukingo yashuke upande wa pili, na maji yakitaka kupanda lazima uyadanganye.

Mjomba akachukua mpira, akatia ncha moja ndani ya sanduku, nyingine akaipitisha dirishani hadi uani, akavuta kwa mdomo mpaka akameza maji ya samaki. Akatema, akafuta ndevu. "Voilà!" Maji yakapanda yenyewe, yakashuka yenyewe. Nilipiga makofi. Yeye akaenda msikitini kuswali alasiri akiwa na furaha, na mimi nikaenda kucheza. Tuliporudi maji yalikuwa yameisha, samaki wamelala ubavu kwenye mchanga wakipiga mikia. Nikapiga mayowe, Mama akaja na ndoo, Mjomba akaja na bilauri, tukamwaga, tukamwaga. Kumbe mpira haujui kutosheka. Ukishaanza kunyonya, unanyonya mpaka mwisho.

Kesho yake Mjomba akakata bidoni, dumu la mafuta ya mawese, akaining'iniza nje ya kioo cha sanduku, kwa usawa wa maji ya ndani. Mpira sasa ukawa unatoka kwenye sanduku na kuingia ndani ya bidoni, ncha zote mbili majini. Katikati ya bidoni akasimamisha bomba la plastiki linaloshuka kupitia tundu la ukuta hadi bustani ya lengalenga, mchicha wetu wa uani. Maji ya sanduku yakipanda, ya bidoni yanapanda pia, yanamwagika kwenye mdomo wa bomba. Maji ya sanduku yakitulia, na ya bidoni yanatulia, na mpira unabaki umejaa ukisubiri. Hakuna cha kukauka tena. Hata leo nikieleza jambo hili naona ni uchawi.

Ila bomba lile lilipiga kelele. Siyo kelele ya maji ya kawaida. Lilikuwa linameza, linakwama, linavuta hewa kwa nguvu, linanyamaza kidogo, kisha linaanza upya. Goro, goro, hiiih. Goro, goro, hiiih. Samaki wangu wa kijivu wakaingia kwenye maganda yao, hawatoki hata kwa chakula.

"Mjomba, bomba linafanya nini?"

"Linalilia ziwa," akasema, anacheka. "Si unajua, maji haya yameona samaki wa Tanganyika, yanataka kwenda kwao."

Alikuwa ananitania. Lakini mimi moyo ulishtuka paa! Linalia? Katika nyumba hii, ambamo Bibi amekataza kulia? Mchana kutwa, salo, juu ya meza ya Baba mwenyewe? Nikamwona Baba yuko kwenye lori, na kila goro moja ya bomba inamwagia mchanga. Sikumwambia mtu. Kwanza nilidhani wakubwa wanajua tayari, pili niliogopa kulitaja. Niliazimia tu kwamba bomba lile lazima linyamaze, Baba afike.

Bibi naye hakulipenda, kwa sababu yake. Alikaa mlangoni kutwa akisikiliza barabara. "Lori la mwanangu litapita na sitalisikia kwa huu mkoromo wenu. Saidi, nakwambia mapema. Ijumaa likiwa bado linapiga kelele, sanduku nje, na mwenye sanduku nje."

Na hapo Mama, Mama asiyevumilia hata kijiko kuanguka, akasema kwa upole, "Mama, liache tu. Mi halinisumbui."

Bibi akamtazama. Mimi nikamtazama. Nikajiuliza kama masikio yake yana ugonjwa.

Mjomba na mimi tukaingia kazini. Tulijaza jani la mgomba kwenye mdomo wa bomba, maji yakafurika mezani. Tukafunga soksi, ikazibwa na taka. Tukaweka kokoto, kelele ikaongezeka. Mjomba akakaa mbele ya bidoni akitazama bomba linavyomeza, shavu mkononi, muda mrefu mpaka nikamwuliza kama amelala na macho wazi.

"Bon," akasema mwisho. "Hili linakunywa na kupumua kwa mdomo mmoja. Ndiyo maana linakabwa. Hata we mtoto ukinywa chai huku unakimbia, si unakohoa? Tulipe pua."

Ndipo mkaa ulipowashwa na msumari ukapashwa moto. Mjomba alipinda kipande cha bomba juu ya mvuke, akakifunga juu ya lile linalosimama, mdomo ukatazama chini ndani ya maji. Juu kabisa, mahali ambapo maji hayafiki, akatoboa kitundu. Ile harufu ikajaa nyumba nzima, Bibi akakohoa makusudi. Mimi nilishika tochi ingawa ilikuwa mchana, nijione nina kazi. Alipomaliza tukarudi nyuma, tukasubiri.

Kimya. Maji yalikuwa yanapita, niliyaona yanadondoka kwenye lengalenga, lakini bomba halikusema neno. Niliweka kidole juu ya kitundu, likaanza kukoroma. Nikakitoa, likanyamaza. Samaki mmoja wa kijivu akatoa kichwa gandani, akatazama huku na huku. Bibi akasema Alhamdulillahi, sasa hii ni nyumba ya watu. Mimi nikatoka mbio hadi barabarani kumngojea Baba. Nilikuwa na hakika kabisa. Nilikaa pale hadi nikaitwa kuoga.

Mchana wa pili yake, baada ya chakula, bomba likaanza tena. Goro, goro, hiiih. Nilidondosha sahani. Nikakimbilia kwenye bidoni, nikaona puani, kwenye kile kitundu cha juu, pamesokotwa kitambaa kidogo, kimelowa. Nikakitoa, bomba likatulia. Nani? Paka hasokoti kitambaa. Mjomba alikuwa sokoni Giheta. Bibi aliyeitaka kelele ife hawezi kuifufua. Nikafikiria jini, maana tuliambiwa majini hupenda maji, nikafikiria hata wale samaki, kwamba labda wanatoka ndani ya maganda tukiwa hatuwatazami. Kesho yake kitambaa kikarudi. Nikakitoa. Siku iliyofuata kikarudi tena. Kulikuwa na mtu katika nyumba yetu ambaye hataki Baba arudi.

Alhamisi nilijificha chini ya meza, nyuma ya mabunda ya vitambaa. Bibi alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango. Nikasikia pazia, nikaona miguu. Miguu ya Mama. Akasimama juu yangu, nikasikia kitu kidogo kikikwaruza plastiki, bomba likaanza kukoroma, miguu ikarudi, pazia likavutwa.

Mama! Nilikuwa nimejiandaa kwa jini, siyo kwa Mama.

Kisha masikio yangu yakashika kitu kingine. Bomba lile nilikuwa nalijua kama ninavyojua wimbo wa madrasa, najua linameza wapi na linavuta wapi. Sasa palikuwa na hiiih nyingine, isiyofuata zamu. Bomba linameza, na hiyo inavuta. Bomba linavuta, na hiyo inameza. Nikasema kumbe yamekuwa mabomba mawili. Nikatoka chini ya meza, nikakitoa kitambaa ili nisikilize vizuri.

Bomba likanyamaza, ile sauti ya pili ikabaki. Ilitoka nyuma ya pazia. Ilikuwa wazi kabisa, peke yake katika nyumba nzima, sauti ya mtu anayelia amebana mto mdomoni. Ikaendelea kidogo, ikagundua iko peke yake, ikakatika.

Niligeuka. Bibi alikuwa amefungua macho, hajasogea.

"Umekitoa wapi hicho?"

Nikamwonyesha puani kwa bomba. Akanyoosha mkono, akakikunjua. Kilikuwa kitenge cha kijani chenye maua ya njano, kipande kilichobaki Baba alipomkatia Mama gauni kabla hajaondoka. Bibi akakiangalia sana, akakipitisha kidole kwenye pindo. Nikangoja amwite Mama, nikangoja ghadhabu. Nyuma ya pazia hakukuwa na hata pumzi.

"Kirudishe ulipokitoa," Bibi akasema.

"Lakini Bibi, litalia. Na Baba yuko njiani!"

"Nimesema kirudishe."

Nikakirudisha. Bomba likaanza. Bibi akainuka taratibu kwa magoti yake mabaya, akauburuta mkeka kutoka mlangoni, mahali alipokaa kusikiliza lori tangu Baba aondoke, akauweka chini ya bidoni, mahali penye kelele kuliko pote. Akalala ameelekea ukuta, akajifunika kanga kichwa na yote. Baada ya muda nikaona kanga inatikisika. Nikadhani anasikia baridi. Nikaenda kuchukua koti la Baba nikamfunika, akalikamata kwa ndani, na kanga ikatikisika zaidi. Sikuelewa. Koti lile lilikuwa zito.

Ijumaa ikafika, hakuna sanduku lililotoka nje. Mjomba, maskini, aliumia sana kwa heshima ya kazi yake. "Bibi, asubuhi linanyamaza, mchana linaanza. Mi nilitengeneza bien, wallahi."

"Halijazoea," Bibi akamjibu. "Liache." Akamwongezea mchuzi, jambo ambalo hajawahi kumfanyia. Mjomba akanitazama, nikainua mabega. Kila mchana ikawa hivyo. Kitambaa kinaingia, Mama nyuma ya pazia, Bibi chini ya bidoni, na mimi katikati nikiomba dua bomba na wao wote wanyamaze. Walikuwa wanamchimbia Baba kaburi, watu wawili aliowapenda kuliko wote, na mimi peke yangu nilikuwa namfukua.

Habari aliileta Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa akiuza dagaa na kuzunguka mikoa yote, hali iwe nzuri iwe mbaya. Alikuja asubuhi, hakupiga hodi yake ya kelele. Alivua viatu mlangoni ingawa yeye ni Mkristo na hajawahi kuvivua. Akapiga magoti mbele ya Bibi, akatoa kifuani kifurushi cha gazeti. Ndani ilikuwamo futi ya manjano, imeungwa kwa uzi mwekundu.

"Mama, watu wa kilima kule Gashoho walinipa. Walimzika vizuri, na nguo safi. Lori lilisimamishwa wakati wanakwenda. Muyinga hakufika."

Wakati wanakwenda. Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Wanakwenda, kabla ya maharage kuiva, kabla ya Mjomba kushuka na mifuko yake, kabla ya bomba. Basi bomba halikumuua. Mama hakumuua, Bibi hakumuua. Mungu anisamehe, siku niliyoambiwa Baba amekufa, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa raha. Ilidumu kama kufumba na kufumbua jicho. Kisha nikatazama ile futi, na shingo haipo.

Mchana nyumba ikajaa wanawake. Sasa ilikuwa ruhusa. Bibi mwenyewe alisema, "Lieni, wanangu. Amefika." Wakalia, Mama Furaha akalia kwa Kibembe na kwa Kiswahili, hata jirani ambaye Baba alimharibia sketi akalia. Mama alikaa kwenye mkeka katikati yao, kanga nyeupe kichwani, futi mapajani, macho makavu kama ya mtu anayengoja gari. Wanawake wakawa wanamsihi kwa jina langu mimi mwanawe, "Lia, Mama Zuhura, toa, usiweke moyoni." Yeye anaitikia kwa kichwa, na hakuna kinachotoka. Nikaanza kusikia minong'ono ile ile ambayo nimekuja kuisikia juu yangu mwenyewe miaka yote hii baadaye.

Mimi nilijua tatizo ni nini. Katika nyumba nzima mimi peke yangu nilijua. Mama hawezi kulia bila bomba! Nikapenya katikati ya magoti ya watu hadi mezani. Kitambaa cha kijani kilikuwa kando ya sanduku, kimekauka. Nikakisokota, nikakitia puani, nikakishindilia kwa kidole gumba.

Goro, goro, hiiih.

Wanawake wakanyamaza, wakageuka. "Yemwe, jamani, ni nini hicho?" mmoja akauliza. Nikasimama mbele ya bidoni wasikione kitambaa, wasijue siri ya Mama. Nikamwambia kwa macho: lia sasa, hawatakusikia.

Mama alinitazama mimi, akatazama bomba. Akainuka. Watu wakampisha. Akapita mbele yangu, akanyoosha mkono, akakitoa kitambaa puani, na bomba likanyamaza, na salo nzima ikanyamaza nalo. Akapiga magoti akanikumbatia, na ndani ya kimya kile, mbele ya watu wote, Mama akalia kwa sauti yake. Nilikuwa sijawahi kuisikia bila mto. Ilikuwa kubwa. Bibi akaitikia kutoka kona yake, bila kanga usoni, na hapo na mimi nikaachia, nikalia ya Baba na ya kujikwaa kote nilikojizuia.

Samaki wa kijivu waliishi nasi muda mrefu. Hali ilipotulia Mjomba aliwarudisha ziwani wale wa mistari, hao wa maganda akatuachia. Tulipohamia Muyinga, Mama akitaka kuwa karibu na kile kilima cha Gashoho, tulihama na meza, na hiyo meza ndiyo ninayokatia vitunguu mpaka leo.

"Tayari, mama," fundi akaniita. "Jaribu kumwaga maji."

Nikainuka kutoka kizingitini, nikamwaga beseni zima la maji kwenye sinki la Mama. Yakashuka yote, kimya kabisa, hata mkoromo mmoja. Na mimi nikashika ukingo wa sinki, nikaanza kulia kwa sauti kubwa, sauti ile ile niliyoisikia salo Gitega.

Fundi akabaki amesimama na koleo lake. "Mama," akasema, "pardon, mi nimeharibu nini?"